Miche ya mipapai "yote majike": kilichonikuta

Kitalu kile msiende. Au nendeni, lakini mkifika masikio muyazibe.

Nilinunua mipapai pale mwaka jana, vuli ilipoanza. Nikamuuliza yule bwana waziwazi: kaka, ipi hapa dume? Hata kuinua uso hakuinua, anamwagilia zake. "Bibie, hapa dume hakuna. Mimi mche nikiutazama tu naujua." Akaung'oa mmoja kunionesha: mzizi ulionyooka dume, wenye matawi jike.

Uongo mtupu. Jinsia ya mpapai imo ndani ya mbegu tangu mwanzo, ila kwa macho huioni mzizini wala kwenye jani. Unatia samadi, unamwagilia, unangoja ua. Yangu ilipochanua, karibu yote yakawa madume: vikonyo virefu vinaning'inia kama shanga, vijiua vyembamba tele, na ndani chavua tu. Ua la jike ni nene, limekaa kwapani mwa jani, limeshikana na shina. Ukilipasua unaona kipapai kichanga kimeshajiunda. La namna hiyo nililitafuta shamba zima, nikalikuta pembeni tu, upande wa kisimani.

Nikamrudia. Wallahi sikwenda kugombana. Mbele ya wateja wake akaniambia, "Dume na jike anaumba Mungu, bibie. Mimi nauza majani." Watu wakaangua kicheko. Nilipogeuka kuondoka akanipigia kelele, "Kapigilie msumari kwenye shina, mpapai utageuka jike!"

Msumari! Kweli mpapai dume mara nyingine hutoa vipapai vyake vya kuning'inia, hali ya hewa ikibadilika, lakini huufanyi hivyo kwa kuutoboa. Ukiutoboa umeupa kidonda, basi.

Kinachoniudhi ni kwamba ukweli wenyewe ni mfupi. Mbegu za jike lililochavushwa na dume hutoka takriban nusu kwa nusu. Kwa hiyo shimo moja unatia miche mitatu, maua yakitoka unabakisha unaoutaka. Au yeye muuzaji atafute mbegu za mpapai wenye maua ya jinsia zote mbili, uliojichavusha wenyewe. Hizo hazitoi dume kabisa. Angeniambia hivyo ningenunua mara tatu zaidi, na yeye angefaidika!

Niliingia shambani na panga nifyeke madume yote. Bibi jirani akanishika mkono: "Mwanangu, bakisha mmoja. Hao wake utawaozesha nani?" Nikabakisha. Sasa jua likizama maua yananukia na nondo wanafika, na dume mmoja anatosha majike kumi na zaidi.

Na papai zenyewe, niseme haki, tamu hasa. Wala mche wake hata mmoja haukunifia. Mizizi imeshiba, mifuko haina magugu. Kazi ya mikono anaijua. Nyota moja. Haya, mbili, kwa ajili ya papai.

Mdimu naweza kununua kwake, maana ua la mdimu lina kiume na kike humohumo, hana pa kunidanganyia. Lakini mkungumanga, ambao nao una dume na jike, na unaweza kukuweka miaka sita, saba kabla hujaliona ua? Kwake yeye siuchukui hata anipe bure na nauli ya daladala juu.