Visu vya kukunja kwenye chumvi ya Tanga: chuma kipi kinahimili kazi

Nianze na hukumu, atakayetosheka aishie hapo. Kama kazi yako ni kamba, mbao na maji ya chumvi, na pesa yako ni ya kawaida, tafuta kisu cha kukunja chenye chuma cha 14C28N. Pesa ikiwepo ya kutosha, chenye chuma cha LC200N. Chuma cha D2 waachie wenye maduka na watu wa bara; majina haya ya vyuma nitayaeleza mbele. Na kisu chochote ambacho muuzaji anakisifia ugumu tu, mrudishie mkononi.

Mimi ni fundi wa mashua na nyavu hapa Tanga, zaidi upande wa Deep Sea, mara nyingine Sahare. Kisu kinaingia mfukoni alfajiri kabla ya simu. Kinakata kamba ya nanga iliyojaa mchanga, kinachokoa kalafati ya zamani, ile pamba ya mafuta iliyoziba mianya ya mbao, kinakata dumu la lita tano liwe upo wa kutolea maji, na mchana kinamenya embe. Najua wapo watakaosema kazi hiyo inataka kisu kisichokunjwa, chenye ala yake. Ninacho, kimo kwenye sanduku la vifaa. Lakini ukiwa umepanda mashua iliyolala ubavu na maji yameshaanza kujaa, sanduku liko mbali. Cha mfukoni ndicho kinachofanya kazi.

Watu wakizungumzia chuma cha kisu huuliza jambo moja: kinakaa na makali muda gani? Huko Ulaya na Marekani wapo wapimaji wanaokata kamba ya katani kipande baada ya kipande mpaka kisu kishindwe kuchana karatasi, kisha wanaandika idadi. Sasa katani sisi wa Tanga hatuhitaji kusimuliwa. Mkonge uliingia huku mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani, na mashamba yote yakatokana na hiyo. Katani inakula makali polepole kwa kusugua. Haivunji kisu. Kwa hiyo kipimo chao kinakwambia chuma kinahimili msuguano kiasi gani, na hapo kimemaliza. Siku kisu kitakapokutana na msumari uliojificha ndani ya ubao, ile idadi ya vipande haikusaidii kitu.

Nilikuwa na kisu cha D2, kampuni siitaji, kimeagizwa mtandaoni na kijana wa jirani anayeleta vitu kutoka China. Kizuri mkononi, kizito kidogo, na kwa kamba sikuwa na neno nacho. Kilikata kamba za nailoni wiki nzima bila kuguswa na kinoo. Kisha tukaanza kuchokoa kalafati kwenye mashua ya zamani, kazi ambayo kisu kinaingia kwenye mwanya, kinavutwa, kinapindwa kidogo kutoa pamba iliyoganda na mafuta. Kikagonga kichwa cha msumari. Hakikutoa hata sauti ya kutisha. Nilipokifuta niliona mapengo matatu kwenye makali, moja kubwa kiasi cha kunasa ukucha, na ncha imekatika. Kuondoa pengo la namna ile ni kusaga kisu kizima mpaka makali yashuke chini ya pengo. Kwa kinoo cha kawaida ni kazi ya jioni kadhaa, na bapa linabaki jembamba.

Sababu yake inaeleweka ukijua kilichomo. D2 ina kaboni karibu asilimia 1.5 na kromiamu karibu asilimia 12. Kaboni ikiwa nyingi hivyo inaikamata kromiamu na kutengeneza chembe ngumu sana, zinaitwa kabaidi, zilizotapakaa ndani ya chuma. Hizo ndizo zinazoshindana na katani. Lakini kwenye D2 ya kawaida chembe ni kubwa, na makali ya kisu ni membamba. Ni sawa na kumwaga zege la kokoto kubwa kwenye ukuta wa unene wa kidole. Ukigonga, ufa unaanzia kwenye kokoto. Na kuna hasara ya pili. Kromiamu ndiyo inayozuia kutu, ila ni ile tu iliyobaki huru. Iliyokamatwa na kaboni haisaidii. Ndiyo maana chuma chenye kromiamu asilimia 12 kinaota madoa ya kahawia ukikilaza usiku mmoja na chumvi, na muuzaji anaapa kwamba hakishiki kutu.

Niitendee haki D2. Nilikinoa upya kwa pembe pana, nyuzi kama 25 kila upande, na mapengo yakakoma. Sasa kiko dukani kwa shemeji yangu Ngamiani, kinafungua maboksi na mifuko ya saruji, na shemeji anakisifia kuliko nilivyowahi kukisifia mimi. Kwa kazi yake ni kisu kizuri.

Fundi wa pwani anatakiwa kujiuliza swali jingine kabisa: kisu hiki kikizidiwa, kinaharibika vipi? Kuna chuma kinachomeguka na kuna chuma kinachojikunja. Makali yaliyojikunja unayanyoosha kwa mipapaso michache ya kinoo, unaendelea. Yaliyomeguka yameshaondoka. Mimi nataka chuma shupavu kwanza, kisha kisichoshika kutu, halafu ndipo nihesabu siku za kukaa na makali. Kunoa ni dakika tano na ninanoa kila jioni hata hivyo, ni kama kuswaki.

Victorinox za Uswisi nazipita haraka. Chuma chao ni laini, ugumu kama 56 kwa kipimo cha Rockwell, hakimeguki, kutu kinaisikia kwa mbali tu, na makali yanaisha mapema. Kwa mwalimu, kwa dereva, kwa msafiri, sina la kuongeza. Visu vya Kichina vya bei ya chini vilivyoandikwa 8Cr13MoV viko karibu na hapo: vingine vimechomwa vizuri, yaani kupashwa moto na kupozwa ili viwe vigumu, vingine ovyo, na kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Opinel namba 8 ya Ufaransa inapendwa na watu wengi, na sababu ipo. Mpini wa mbao, pete ya kufungia waliyoianzisha mwaka 1955, bapa jembamba linalokata kuliko visu vya bei mara tano yake. Wanatengeneza vya aina mbili: vya chuma cha kaboni na vya chuma kisichoshika kutu. Kile cha kaboni usikipeleke baharini, utaona rangi ya machungwa kabla ya chakula cha mchana. Hata kile kingine, mpini wa mbao ukilowa unavimba na kisu kinagoma kufunguka. Wafaransa wenyewe wana mbinu ya kugonga kisigino cha mpini kwenye kitu kigumu ili bapa lichomoze. Mbinu nzuri ukiwa umekaa mezani. Nyumbani kwangu kiko jikoni, na mama watoto hakubali kiondoke.

Hapa lazima nimtaje mhunzi. Upande wa Muheza kuna mzee anayefua visu na mundu kutokana na springi za gari, zile bapa za nyuma za malori. Nilimpelekea kisu cha kukunja kilichovunjika bapa nikamwomba anifulie jingine. Springi ni chuma chenye kaboni kama asilimia 0.6 na kromiamu chini ya asilimia moja. Kabaidi kubwa hakina, na kimezaliwa kwa ajili ya kupigwa na mashimo ya barabara maisha yake yote. Mzee hana kipima joto. Alikuwa na kipande cha sumaku kilichofungwa kwenye waya: bapa likiwa jekundu analigusisha, na sumaku ilipoacha kuvuta, akaliacha motoni kitambo kidogo, akalizamisha kwenye oili chafu ya injini. Akapitisha tupa, tupa ikateleza bila kung'ata. Vijana wengi wangeishia hapo na kukuuzia kisu kitakachovunjika kikianguka kwenye sakafu. Yeye akalisugua bapa na msasa mpaka likang'aa, akalirudisha juu ya chuma cha moto mgongo ukiwa chini, tukakaa kutazama rangi zikitembea: manjano ya majani makavu, kahawia, kisha mgongo ukaanza kugeuka zambarau. Makali yalipofika manjano akalitoa.

"Mgongo uwe na subira, makali yawe na hasira," akaniambia.

Bapa lile halijatoka pengo hadi leo. Nimeliingiza kwenye mianya, nimelipinda, nimeligonga mgongoni kwa kipande cha mti. Limejikunja mahali, nikalinyoosha. Ila kutu! Kulipaka mafuta kila jioni ni lazima, na wakati wa kusi, unyevu ukizidi, linaota madoa likiwa kabatini. Kwa mkulima wa Korogwe au Lushoto nisingemshauri kitu kingine. Na lilinifundisha lile ambalo majina ya vyuma hayasemi: uchomaji ndio nusu ya kisu. Chuma cha bei kali kilichochomwa vibaya kinashindwa na springi ya lori iliyochomwa na mtu anayejua rangi.

Sasa 14C28N. Ni chuma cha Sweden, cha kampuni ya Sandvik, ambayo tawi lake la vyuma lilijitenga mwaka 2022 na sasa ni kampuni ya Alleima. Kaboni karibu asilimia 0.62, kromiamu 14, na naitrojeni kidogo, 0.11. Tazama hesabu hiyo ukilinganisha na D2. Kaboni ni chini ya nusu, kwa hiyo kromiamu nyingi inabaki huru kupambana na chumvi, na kabaidi zilizopo ni ndogo ndogo. Naitrojeni inarudisha sehemu ya ugumu uliopotea kwa kupunguza kaboni. Matokeo yake ni chuma chenye ugumu wa 58 hadi 60 hivi kwenye visu vingi, ambacho hakikatiki kirahisi. Makampuni ya China yanakinunua kwa wingi na kukifungia kwenye visu vya bei ambayo fundi anaweza kuimudu.

Changu ni cha namna hiyo, mpini wa plastiki ngumu, bapa la unene wa kadiri. Kimekutana na misumari kama kile cha D2. Mara moja makali yalilala upande, ukipitisha kidole unahisi ukingo. Nikayasimamisha kwenye jiwe la pande mbili linalouzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Hilo nalo ni jambo kubwa. Vyuma vilivyotiwa madini ya vanadiamu kwa wingi vinataka jiwe la almasi, na jiwe la almasi zuri hapa Tanga ni la kuagiza. Kasoro yake: kwenye kamba ya katani au kamba yenye mchanga kinaisha makali mapema kuliko D2, tena kwa tofauti inayoonekana. Mtu anayekata kamba siku nzima bila kugusa mbao atakasirika. Mimi sikasiriki.

LC200N nimeitumia kwenye kisu cha kampuni ya Spyderco, cha mfululizo wao wa Salt, cha rafiki yangu baharia, nacho alikuwa akiniachia akiwa nchi kavu. Hapa kaboni imeshuka hadi karibu asilimia 0.3, naitrojeni imepanda karibu 0.5, kromiamu 15. Ni chuma kilichotokana na kazi za beringi, vifaa vya ndege vikiwemo. Nilikiacha kwenye ndoo ya maji ya bahari kwa makusudi, baharia akijua. Hakikuota hata doa. Ni shupavu, kinanoleka kwa jiwe la kawaida, na kinazidi dola 100 kabla ya usafiri na ushuru. Kwa mpiga mbizi wa pweza au mtu wa boti za watalii kinalipa. Kwangu, kisu kinachoweza kudondoka majini wakati wowote hakipaswi kuwa na thamani ya jarife, wavu mkubwa wa kuvulia.

Kuna CPM-3V, shupavu sana, ila kromiamu yake ni asilimia 7.5 tu, kwa hiyo pwani kitaota kutu. Na kuna MagnaCut, iliyobuniwa na Larrin Thomas wa Marekani na kutoka mwaka 2021, inayoshika makali kwa muda mrefu huku ikiwa shupavu na isiyoogopa chumvi. Zote mbili zimetengenezwa kwa unga wa chuma uliogandamizwa kwa joto, ndiyo maana chembe zake ni ndogo. Bei yake kwetu ni ya wenye boti.

Tahadhari moja kwa wanunuzi wa kando ya barabara: maandishi kwenye bapa yanachongwa na mashine, na mashine haiulizi. Kama kimeandikwa 14C28N na bei ni ya chakula cha mchana, si chenyewe. Kabla ya kukiamini, dondoshea tone la maji ya chumvi ukilaze usiku. Madoa mekundu asubuhi yanatosha kuwa jibu.

Na usitazame bapa peke yake. Visu vingi bapa halina kutu, lakini skrubu ya bawaba, springi ya loki na vibamba vya ndani ya mpini ni chuma cha kawaida, na huko ndiko chumvi inakokaa. Kisu changu kilianza kukwama bapa likiwa safi kabisa. Nilipokifungua nikakuta skrubu imevimba kwa kutu. Chagua kisu chenye mpini ulio wazi mgongoni ili maji yapite, suuza kwa maji yasiyo na chumvi ukirudi, na tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Kama kisu hicho hicho kinamenya embe, tumia mafuta ya nazi.