Nimenunua gemu ya elfu 13, sasa silali

Oya wadau, karibuni tena, tuko zetu Sinza. Leo feni nimeizima, maana video iliyopita mlisema nasikika kama naongea ndani ya bajaji. Maiki mpya ipo Kariakoo, nimeshalipa nusu, vumilieni.

Haya, Vampire Survivors. Dola 4.99 kwenye Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, weka elfu 13 hivi. Grafiksi mnaziona wenyewe, siongezi neno. Ila laptop yangu hii ya mtumba, ambayo gemu za mpira zinaitoa jasho, hapa imetulia tuli.

Nimeshafika dakika ya 12. Angalieni mkono: kitufe cha kupiga hakuna! Mjeledi unachapa wenyewe, mimi kazi yangu kutembea tu nisiguswe. Na hao maadui wanavyojaa sasa, kama kituo cha mwendokasi Kimara asubuhi.

Subirini, subirini. Huyu mkubwa nikimuua anaacha kasha. Ndiyo hilo! Sikilizeni muziki huo. Sarafu zinaruka, taa, vitu vinazunguka... humu kinatoka kimoja, vitatu au vitano. Njoo tano, njoo tano... kimoja. Kitunguu saumu! Shangwe lote lile, napewa kitunguu saumu. Ni silaha humu, sawa, lakini jamani!

Aliyeitengeneza, Luca Galante, alishafanya kazi kwenye kampuni za kamari, na kwenye hili kasha utamjua tu. Nafuu yake ni kwamba hapa mkeka ukichanika hujapoteza hata mia.

Ngoja, mjeledi umefika ngazi ya 8, na Hollow Heart, kile kifaa cha kuongeza uhai, ninayo. Kasha lingine lile pale. Pisha, pisha wewe popo! Nafungua... eeeeh! Mjeledi umegeuka Bloody Tear! Mnaona damu yangu inavyopanda kila nikichapa? Basi vampaya mwenyewe ni mimi.

Mtu atasema Balatro, ile gemu ya karata, kali zaidi. Nakubali, ila ile kwenye kompyuta ni dola 14.99, na mimi maiki bado nadaiwa. Halafu hii hii ndiyo iliyochukua gemu bora ya mwaka kwenye tuzo za BAFTA za Uingereza 2023, na gemu kubwa kama Elden Ring ikiwa kwenye orodha. Elden Ring, wadau!

Kinachoniudhi nawaambia: kwenye simu ni bure. Bure! Tangazo unaangalia ukitaka mwenyewe. Nimekuja kujua nimeshalipa. Kwa hiyo nilichosema mwanzoni kuhusu bei... mwenye simu aanzie huko, elfu 13 yako kale chipsi mayai.

Hapa katikati nimekata, tuko 29:50. Ikigonga 30 anakuja jamaa mwenye mundu, na huyo habembelezwi. Dogo, usipite mbele ya kamera! Hu— ameshanimaliza. Umeona sasa? Nenda kawashe feni.