Tangi nimelipenda, fundi sijui nimweke wapi

Nianze na la haki kabla hasira hazijanipanda: kwa kuchomelea, yule fundi mie sijamuona mwenzake hapa Unguja. Tangi la petroli lilifika kwake limeliwa na kutu sehemu ya chini, tena ni la pikipiki nyengine kabisa, akalikalisha juu ya fremu yangu mpaka watu wananiuliza kama limetoka nalo kiwandani. Hilo ni lake, simnyang'anyi. Lakini wale walioziona picha za pikipiki yangu wakaanza kuniuliza gereji yake iko wapi, wasome mpaka mwisho ndio wafunge safari.

Chombo chenyewe ni Honda CG125, ile ambayo Wajapani waliitoa mwaka 1976 na Wachina wakaiiga mpaka leo spea zake unazipata hata kwa muuza misumari. Nimekata mkia, nimetia kiti bapa, mkono wa usukani nimeushusha. Kilichobaki kuniudhi kilikuwa tangi. Lile la asili lina mabega, na ukishaivua pikipiki mapambo mengine yote linabaki limekaa pale kama halijaambiwa. Nilitaka la Suzuki GN125, lile la umbo la tone, nono mbele na jembamba kwenye mapaja. Nikalipata kwa mtu mmoja Mwanakwerekwe anayechinja pikipiki, bei ya kawaida, na kutu ya kawaida kwa kitu kilicholala nje kwenye hewa ya chumvi.

Watu wanadhani kubadilisha tangi ni kufungua bolti moja na kufunga bolti moja. Chini ya kila tangi kuna handaki linalopandia uti wa fremu, na handaki la hili halikuelewana na fremu yangu hata kidogo. Raba mbili za mbele zilikuwa zinagusa hewa. Sikio la nyuma lilikuwa juu mno. Na hata likikaa, lazima ugeuze usukani mpaka mwisho kushoto na kulia uone kama haupigi ubavu wa tangi, maana siku utakayokata kona ya ghafla Darajani ndiyo siku utakayoivunja nyonga yako au ya mwenzako. Yule bwana aliyafanya yote hayo. Alikata mabano ya zamani, akatengeneza mapya, akageuza usukani huku na kule, akapima kwa kidole.

Na kabla ya kuwasha moto alilisafisha tangi kwa adabu. Alitia siki na konzi ya nati, akalitikisa mpaka uchafu wa rangi ya chai ukamalizika kutoka. Akaliosha kwa maji ya moto na sabuni, si mara moja. Halafu akalijaza maji, akaacha upenyo mdogo tu chini ya pale anapochomelea. Aliniambia tangi tupu ndilo linaloua, lililojaa lina afadhali, kwa sababu kinachoripuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke wa petroli ni mzito, unajificha chini ya tangi hata ukidhani limekauka. Ni kweli tupu. Nimeona mafundi wanaonusa tundu, wakisema halinuki, wanawasha. Huyu hakunusa. Siku ile nilimwita fundi kwa moyo wangu wote.

Sasa kifuniko.

Tangi lilikuja bila kifuniko. Akaniambia anacho kimoja, cha kisasa, cha alumini, kinang'ara. Akanitoza mbali na ufundi. Nilikipenda, nisiseme uongo. Pikipiki nzima ilipata uso. Nikalipa, nikaondoka, mjini ikatembea vizuri kabisa, Michenzani, Amani, Mombasa (ya hapa hapa Unguja, si ya Kenya), nyumbani, hakuna tabu.

Kuna Jumapili moja nikasema niipeleke Paje, pwani ya mashariki, ikanyooshe miguu. Nilijaza tangi mpaka shingoni. Kwa bei hizi za mafuta ZURA, wasimamizi wa nishati hapa Zanzibar, wanazotutangazia kila mwezi mtu hajazi tangi kwa mchezo, na hilo mlikumbuke kwa sababu lina maana yake mbele. Tunguu nimeipita inaimba. Nakaribia msitu wa Jozani, pale penye matuta waliyoyaweka kwa ajili ya kima punju, ikaanza kumisi. Ikakohoa. Ikazimika juu ya tuta la pili.

Nikapiga kiki mpaka fulana ikalowa. Hakuna. Kuna gari ya watalii ilisimama kando, wote wamegeuza kamera zao juu ya mti wanapiga picha kima na mtoto wake. Kima walipoingia msituni, mama mmoja akanigeuzia kamera mie. Nikatabasamu, ningefanyaje. Baada ya muda mrefu nikapiga kiki moja ya kukata tamaa, ikawaka yenyewe bila ya kuombwa. Nikaenda kidogo, ikazima tena. Nikarudi mjini kwa mtindo huo, nakwenda nasimama, nakwenda nasimama, jua la adhuhuri utosini.

Kesho yake nikaenda gereji. Fundi akapiga kiki moja, ikanguruma. Akapiga resi pale pale uani, moshi ukajaa, ikanguruma. Akanitazama. "Si hii inanguruma?" Nikamwambia hapa inanguruma, njiani inakufa. Akasema plagi. Akanitilia plagi, nikalipa. Ikafa tena, safari hii njia ya Mahonda. Akasema kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, imechoka, tena hizi za asili hazifai tena, akanitilia mpya ya Kichina, nikalipa. Ile ya kwangu akaiweka kwenye ndoo. Ikafa tena. Akasema koili, ile inayoipa plagi umeme. Nikalipa na koili.

Niliporudi baada ya koili nilikwenda na maneno ya upole, wallahi. Nilimsalimia, nikamuuliza wa nyumbani, nikamwambia fundi, mie nahisi tatizo limeanza tangu lilipofungwa tangi, hebu tulitazame tangi. Hakuinua hata uso kwenye simu. Alikuwa amekaa kwenye kopo la rangi, amezungukwa na vijana wake na wale wanaokuja gereji kukata siku. Akasema: "Nyinyi vijana mnatengeneza pikipiki za kupigia picha, halafu mnazipeleka masafa. Kama una haja ya Paje, panda 309."

Wakacheka. Wote. Hata yule mtoto anayeosha spea kwa dizeli, ambaye nilikuwa namnunulia soda, alicheka.

Nimelipa plagi, nimelipa kabureta, nimelipa koili, naambiwa nipande daladala! Mtu hakuambii "sijui", hakuambii "niachie niiangalie", anakuelekeza kituoni. Tangu siku ile kila nikiiona 309 imejaza watu na mafungu ya ndizi juu, damu inanichemka. Hapo ndipo nilipoapa kwamba hata akinichomelea tangi la dhahabu simrudii, na hayo ya siki na nati niliyomsifu hapo juu mnaweza kuyafuta.

Aliyeigundua hitilafu ni mzee mmoja wa Kitogani, fundi wa Vespa. Nilizima karibu na kibanda chake, na nilikuwa nimejaza tena. Hakuuliza kabureta wala koili. Aliuliza: "Umejaza, mwanangu?" Nikamwambia ndiyo. "Likiwa nusu inazimika?" Nikafikiri. Kwa kweli likiwa nusu ilikuwa inakwenda mbali zaidi kabla ya kufa, na mjini, ninapotembea na lita moja mbili, ilikuwa haifi kabisa. Akasema, "Haya, sogea."

Akaweka sikio karibu na tangi, akakizungusha kifuniko taratibu. Likatoka sauti, fsss, na si ya kutoa, ni ya kuvuta ndani. Akaniashiria nipige kiki. Ikawaka. Akakigeuza kile kifuniko changu kizuri, akakiweka mdomoni, akapuliza upande wa ndani mpaka mashavu yakamvimba. Hakikupita kitu. "Hiki hakina pumzi," akasema.

Ndiyo hivyo tu! Petroli kwenye pikipiki kama hii haisukumwi na pampu, inashuka yenyewe kwa uzito wake kutoka kwenye tangi mpaka kwenye kabureta. Kila tone linaloshuka lazima hewa iingie mahali pake, na mlango wa hewa ni kitundu kwenye kifuniko. Kisipokuwepo, ndani ya tangi panabaki mvuto, petroli inakatika njiani, bakuli la kabureta linakauka, injini inazima. Ni lile kopo la maziwa ambalo kila muuza chai analitoboa matundu mawili. Tangi likijaa nafasi ya hewa ni finyu, kwa hivyo mvuto unakuja upesi. Likiwa tupu tupu kuna hewa nyingi ya kuanzia, unafika nyumbani hujajua kitu. Na uani kwa fundi, injini imesimama inanguruma dakika mbili, inakunywa petroli gani? Hata ingekuwa na kizibo cha chupa ingenguruma. Ukisubiri, hewa inajipenyeza kidogo kidogo kwenye nyuzi za kifuniko, inawaka tena, nawe unadhani ni koili imepoa.

Mzee akachukua wembe, akakata mfuo mdogo sana kwenye raba ya chini ya kifuniko, hata kucha haiingii. Akanitaka elfu tano. Plagi peke yake ilikuwa zaidi ya hapo. Nikaenda mpaka Paje, nikarudi mpaka mjini, tangi limejaa, haikukohoa hata mara moja.

Sasa nilimrudia yule wa mjini. Ndiyo, nilikuwa nimeapa. Nilikwenda kwa sababu ya kabureta yangu, si kwa mapenzi. Nikamuonesha kifuniko na ule mfuo. Akakishika, akakigeuza, na kwa mara ya kwanza nikamuona anafikiri. Akasema hivi vifuniko havina kosa, ni vya mashindano, vinafungwa kwenye matangi yenye bomba lake la kupumulia pembeni. Na ni kweli, vipo vya namna hiyo, nimekuja kuhakikisha. Alilieleza vizuri, kwa utulivu, mpaka nikahisi moyo umelegea. Nikasema huyu anajua kazi, siku zile alikuwa amechoka tu, pengine ana yake nyumbani. Nilikuwa tayari nimeshamsamehe na plagi na koili.

Ndipo akaniambia: "Basi tukutilie hilo bomba. Elfu arubaini."

Alaa! Yaani kifuniko kilichokosa pumzi ni chake, amekiuza yeye, amekifunga yeye, na pumzi niinunue kwake! Nikamwambia asante, nipe kabureta yangu niende zangu. Akatazama ndoo. Akatazama kijana wake. Kijana akatazama chini. Akasema ile alimtilia mtu mwengine, kwani si nilishapewa mpya?

Kwa hivyo hukumu yangu ni hii, na naomba isitajwe kwamba nimebadilika badilika. Ukiwa na tangi la kuchomelewa, mpelekee, hutajuta, lakini lipeleke peke yake, limevuliwa, na kifuniko kibaki nyumbani. Ukishalichukua, puliza kifuniko chochote utakachokitia kabla hujakilipia. Kisipopitisha pumzi na tangi halina bomba lake, hakifai, hata kikiwa kinang'ara vipi. Kwa injini usimpelekee hata baiskeli. Kwa maneno yake, mie singempelekea hata mbuzi. Mdogo wangu ana tangi la kuchomelewa na nimemwambia aende kwake, tena nikamuelekeza na njia, kwa sababu sijui wa kumpeleka kwengine, na hilo linaniudhi kuliko yote.

Kabureta ile ilikuwa ya asili, ya Kijapani, imetoka na pikipiki. Aliyenayo ni mteja wake mmoja wa hapa hapa mjini. Kama ulitiliwa kabureta kuukuu ya CG125 kwa yule bwana miezi hii na ikakushangaza kwa uzuri wake, jua ni ya kwangu, na mie ninayo ya Kichina, haijatumika sana, tunaweza kubadilishana.