MG PB au MG TA: ipi ya kununua?

Wapenzi wa magari ya kale ya Uingereza hawaachi kubishana juu ya hizi mbili. Zote zilitoka kiwanda cha MG mjini Abingdon, Uingereza, PB mwaka 1935 na TA mwaka 1936, lakini ukifungua boneti utadhani si ndugu.

PB ina injini ya cc 939 tu, kemshafti (mhimili unaofungua valvu) ikiwa juu ya silinda. Kemshafti hiyo inazungushwa kupitia dainamo iliyosimama wima mbele ya injini, na hapo ndipo penye kazi: sili ikichoka, oili inachuruzika ndani ya dainamo na chaji inapotea. Fundi asiyeijua ataihangaikia wiki nzima. Ikiwa sawa, lakini, injini inaitikia ukikanyaga mafuta kwa wepesi ambao TA haina, na mimi naupenda sana.

TA ina cc 1,292, na valvu zake husukumwa kwa fito, kama magari ya kawaida ya familia ya wakati ule. Fundi yeyote makini ataielewa, na mlimani haikuchoshi kwa kubadili gia. Kwenye breki sina ubishi: TA ni za haidroliki, PB ni za nyaya zinazotaka kurekebishwa mara kwa mara.

PB zilitengenezwa 526, TA zaidi ya 3,000, kwa hiyo TA ni rahisi kuipata. Kagua injini kabla ya kulipa, nyingi zilibadilishwa.

Ukiwa na karakana na subira, chukua PB. Kwa safari ndefu za wawili, TA.