TP-Link CPE510 kwenye mawe ya Mwanza: sifa moja tu ndiyo iliyonifanya niipende

Mambo vipi familia, karibuni tena. Leo niko juu ya paa hapa Kirumba, upepo wa ziwa unavuma kweli kweli, kwa hiyo maiki ikikoroma mnivumilie. Mkononi nina TP-Link CPE510. Wengi mnaijua, hiki kibao cheupe cha kufunga kwenye mlingoti, antena ya kurusha mtandao hewani kutoka jengo hadi jengo, basi siwasomei karatasi yote ya sifa. GHz 5, antena ya dBi 13, umeme unapanda kupitia waya ule ule wa mtandao. Imetosha. Kuna jambo moja nataka mlione kwa macho yenu, sifa yake inayoitwa MAXtream, ya kuvipa vituo zamu ya kuongea, na nina hamu nalo kwelikweli.

Kazi yenyewe iko hivi. Mfanyabiashara wa jumla ana ofisi hapa, stoo Bwiru na duka Isamilo. Faiba iko hapa ofisini tu. Anataka mfumo wa mauzo na kamera za kote zionekane hapa, bila kulipia bando sehemu tatu. Ninyi mnaosoma mtandao chuoni mnajua: LAN ya jengo, MAN ya mji, WAN ya mbali zaidi. Sirudii hayo. Ila waya wa shaba wa Etheneti unakomea mita 100, na kutoka hapa hadi Bwiru ni mawe na mapaa ya watu. Kwa hiyo LAN ya ofisi tunaipandisha hewani.

Sasa hayo mawe ndiyo mada yangu ya leo. Watu wanadhani adui wa mawimbi Mwanza ni umbali. Mimi nasema adui ni kwamba vituo vyako havisikiani.

WiFi ya kawaida, ile ya kiwango cha 802.11, inatumia itifaki ya CSMA/CA. Kifaa kinasikiliza hewa kwanza. Kikikuta kimya, kinatuma. Kikikuta mwenzake anaongea, kinasubiri. Sebuleni inafanya kazi vizuri, simu zote zinasikiana. Lakini hapa Bwiru inaniona mimi, Isamilo inaniona mimi, wao kwa wao kuna mlima katikati. Fikiria wanunuzi wawili wamesimama pande mbili za rundo la magunia ya dagaa pale Mwaloni, kila mmoja anadhani yuko peke yake na muuzaji. Wanaongea kwa pamoja, muuzaji haambulii neno. Mafundi wanaita tatizo la kituo kilichojificha.

Sasa tazama skrini, nasogeza kamera. Dirisha la kushoto napiga ping, ujumbe mfupi wa kupima muda wa kwenda na kurudi, kwenda Bwiru, la kulia kwenda Isamilo. MAXtream nimeizima makusudi. Milisekunde 4, 5, 4, 6. Safi kabisa. Haya, vijana wangu huko wanaanza kupakia video za kamera kuja huku, wote wawili kwa pamoja. Ona. 60. 190. 340. Hiyo imepotea, haijarudi kabisa. Na hapa pembeni, nguvu ya mawimbi iko pale pale, -61 dBm, haijatikisika! Fundi asiyejua atakuambia antena mbovu, nunua kubwa zaidi. Antena haina kosa lolote. Vipande vya data vinagongana hewani, vinatumwa upya, vinagongana tena.

Sasa naingia ukurasa wa Wireless kwenye kituo kikuu, hiki cha hapa juu. Naweka alama kwenye MAXtream. Apply. Zinakatika, subiri kidogo, zimerudi. Vijana bado wanapakia, sijawaambia wapunguze. 12, 14, 11, 13, 12. Angalieni jamani! 13, 12. Haijashuka hadi 4, na haitashuka, kwa sababu sasa kila kituo kinasubiri zamu yake hata hewa ikiwa tupu. Hiyo ndiyo TDMA: kituo kikuu kinagawa muda vipande vipande, Bwiru kipande chako hiki, Isamilo hiki, na asiye na zamu ananyamaza. Mimi niko tayari kulipa hizo milisekunde 8 kila siku, kwa sababu mfumo wa mauzo haugandi tena na simu za WhatsApp hazikatikikatiki. Sauti ya simu kwa kawaida inasafiri kwa UDP, njia ya kutuma data bila kungoja uthibitisho, na UDP haikurudishii kilichopotea. Neno likidondoka ndiyo limekwenda.

Mtaniuliza, Ubiquiti je? Ubiquiti wanayo, wanaiita airMAX. MikroTik wanayo, Nv2. Zote ni TDMA na zote ni kazi nzuri. Shida ni kwamba kila kampuni ina ya kwake, haziongei. Ukiwasha MAXtream, hata simu yako haiungi kwenye antena hiyo, na siku kimoja kikiungua huwezi kuchomeka cha kampuni nyingine. 802.11 ya kawaida inakubali kila mtu, na mimi naipenda kwa hilo. Kwa kweli nikizidi kuongea naona niseme wazi: kama una nyumba mbili tu, hapa na pale, usihangaike na MAXtream. Sifa hii inaanza kulipa kuanzia vituo viwili vya mbali kwenda mbele, hasa kama kuna mlima katikati.

Kisichonifurahisha ni tundu la waya. Boksi linasema Mbps 300, tundu ni la Mbps 100. Kwa duka na kamera haina neno. Kwa mwenye faiba nene, hapana.

Bei. Ukienda dukani uliza bei ya jozi, halafu fungua boksi uone injekta yake ya umeme ya volti 24, kile kiboksi kinachoingiza umeme kwenye waya wa mtandao, imo. Injekta ya volti 48 ya kifaa kingine usichomeke humu.

Halafu kabla hujapanda paa, badilisha anwani ya IP, ile namba ya kifaa kwenye mtandao. Zote zinatoka kiwandani na 192.168.0.254. Ukiziunganisha hivyo hivyo, anwani moja inadaiwa na vifaa viwili, na utabaki juu ya ngazi unatafuta kosa. Mimi nafanyia mezani: kituo kikuu .254, Bwiru .253, Isamilo .252, naandika kwa maka nyuma ya kifaa.

Radi za huku mnazijua. Waya wenye ngao, na uzike waya wa ardhi. Hilo sibishani na mtu.

Na wale wa visiwani wanaoniandikia, boksi linasema kilomita 15 na zaidi. Hiyo ni kwa kuonana bila kizuizi, na kuonana kwa mawimbi kunahitaji nafasi. Kwa kilomita 2 katika GHz 5.8, pale katikati ya njia unahitaji kama mita 5 wazi kuzunguka mstari. Juu ya maji ongeza na kuakisi: mawimbi yanapiga ziwa yanarudi yakiwa yamechelewa. Inua mlingoti. Na ukitaka kuwauzia majirani intaneti, nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza ukachukue leseni.

Jumamosi usiku tuko laivu, naunga faiba mbele yenu. Video inayofuata ni MikroTik na Nv2, paa hili hili, vituo hivi hivi, tuone ping. Mwenye vituo vitatu kwenda juu na mlima katikati, niandikie hapo chini uko mtaa gani na mlingoti wako una mita ngapi, nitachagua kazi moja nije kuipima na kamera.