Nilimwakilisha mamangu dhidi ya benki, Mahakama ya Madai Madogo (uzoefu wangu)

Wengi wananiuliza kama nimesomea sheria. La, na haikuhitajika. Mamangu magoti yanamsumbua, hizi safari za mjini haziwezi, na benki yake (siitaji) ilikuwa inaendelea kukata marejesho ya mkopo ambao alishamaliza kulipa kitambo, jumla 67,200, na kila tukienda tawini tunaambiwa andikeni barua, barua tukaandika mpaka tukachoka. Hapa Kenya dai lisilozidi milioni moja unaweza kulipeleka hii korti, ilianza kazi 2021 pale Milimani Nairobi na siku hizi iko miji mingi, na sheria inakubali mtu akishindwa kufika atume mwakilishi.

Lakini usiende tu ukisema mimi ni mtoto wake. Adjudiketa, yaani hakimu wa pale, kabla ya lolote alitaka kujua kesi naielewa kiasi gani na kama nina mamlaka ya kukubali kitu kwa niaba ya mama, sio niseme sawa halafu kesho yeye akatae. Barua ya mama ilisema wazi naweza kukubali au kukataa maafikiano, akaisoma akanirudishia tukaendelea. Hiyo sentensi usiiache.

Kilichobeba kesi ni stetimenti. Niliprinti yote nikapaka kalamu ya njano ya kung'arisha maandishi kwa kila makato yaliyokuja baada ya barua ya benki yenyewe kusema mkopo umeisha. Wakili wao akaja na faili nene, akaanza stori za mfumo sijui nini, adjudiketa akaweka kidole kwa mstari wa kwanza wa njano, "hii ni ya nini?" Wakili akafungua faili, akafunga. Tulipotoka nje akaniambia wako tayari kulipa elfu hamsini, nikampigia mama, akasema waambie zote, na ile ya Disemba wasijifanye wamesahau.

Wakakubali zote pamoja na ada ya kufungua kesi, tukaweka sahihi ikawa amri ya korti. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, yetu haikufika huko. Na niliongea Kiswahili mwanzo mwisho, hakuna aliyenikatiza.

Hii korti naipa nne kwa tano. Kufungua kesi ni kwa mtandao, na mtu wa umri wa mamangu hapo lazima atafute wa kumsaidia, pesa za saiba (duka la intaneti) hakuna anayekurudishia.