TAHADHARI: "Ajira" ya kubuni mashine Tanga, wahandisi wapya msitume michoro yenu

Vijana wenzangu mliomaliza uhandisi mitambo na mnatafuta kazi ya ubunifu wa bidhaa, someni hili kabla hamjajibu tangazo linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mimi nimeshapigwa, na wapo wenzangu wawili waliopigwa vilevile.

Tangazo linataka mhandisi mbunifu asiye na uzoefu mkubwa, kituo cha kazi Tanga mjini. Mnajua wenyewe viwandani kwetu nafasi nyingi ni za matengenezo na zamu. Ya kukaa ukabuni kitu kipya ni ya kutafuta kwa tochi. Niliomba siku ileile. Akanipigia kaka mmoja mwenye adabu, ananiita injinia, na fani anaijua kweli. Akanipa mtihani wa vitendo: nibuni mashine ndogo ya kuchakata mkonge, ile tunayoiita korona, ya injini ya dizeli, mkulima mdogo aweze kuivuta hadi shambani. Alitaka mchoro wa kila kipande wenye vipimo, orodha ya vifaa na bei zake, pamoja na faili lenyewe la SolidWorks, programu ya kuchorea mashine kwenye kompyuta.

Hapo ndipo ningeshtuka. Anayetaka kujua unavyofikiri hupata jibu kwa kazi ya saa mbili tatu. Faili ambalo fundi anaweza kuanza nalo kukata chuma kesho yake, hilo la nini? Mimi nikakesha siku tisa. Nikaenda mpaka Muheza kutazama majani yanavyoingizwa na singa, yaani nyuzi, zinavyotoka, nikarudia kuchora ngoma yenye visu ya mashine mara nne.

Nilipotuma, nikaambiwa nimefaulu, nilipe 180,000 ya "bima ya mafunzo na kitambulisho". Namba ya kulipia ilileta jina la mtu, si la kampuni. Nikalipa. Tangu siku hiyo simu haipatikani.

Miezi miwili baadaye fundi wa kuchomelea ninayefahamiana naye Ngamiani, Tanga, akanionyesha karatasi aliyoletewa na mteja. Mchoro wangu! Jina limefutwa, lakini maneno niliyoandika pembeni mwa fremu, "geuza kwanza ndipo uchomelee upande wa pili", yako palepale. Mteja aliuziwa, simlaumu. Ile pesa nitaitafuta tena, lakini kazi yangu ya kwanza ya kujivunia sasa inauzwa na mtu mwingine, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kwa hiyo: ukiombwa kazi za mfano, toa picha zisizo na vipimo. Faili la asili baki nalo, hata nakala ya STEP inayofunguka kwenye programu nyingine usitoe, mpaka mkataba uwe umesainiwa. Jina la kampuni litafute kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kisha omba ufike ofisini kwao. Mimi kila nikiomba, "bosi yuko safarini". Ukiombwa pesa ili uajiriwe, kata simu, na kama ni ujumbe, utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Anayetaka kuanza kwa njia ya uhakika aulize Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuhusu SEAP, mpango unaowaweka wahitimu chini ya wahandisi wazoefu.

Polisi nimeshafungua jalada, ndiyo maana majina siyaandiki hapa. Kama nawe ulipewa mtihani wa korona, usifute chochote. Niandikie pembeni, tuziunganishe baruapepe zetu zenye tarehe, maana tukiwa watatu wanne mpelelezi atapata pa kuanzia.